Ndege wa Mlingotini

Majina tunayo. Wazee wa pwani walimtofautisha tai na kipanga, kipanga na kozi, kozi na mwewe, na wavuvi wakamwongeza furukombe anayekula samaki. Kamusi zimeyahifadhi maneno hayo yote. Lakini simama leo katika mtaa wowote wa pembezoni mwa Nairobi, umwoneshe mtu ndege mwenye mdomo wa kulabu anayezunguka angani, na jibu utakalopata ni moja tu: mwewe. Awe mkubwa au mdogo, mweusi au wa hudhurungi, mwenye mkia wa panda au wa duara, ni mwewe. Na jina hilo halitajwi peke yake. Nyuma yake kuna mashtaka, kwa maana kila mtu anajua kazi ya mwewe ni kunyakua vifaranga.

Mashtaka yenyewe ni ya zamani. Jamii nyingi za Kenya zina hadithi ya kuku aliyeazima wembe kwa mwewe (wengine husema ni sindano) akaupoteza. Tangu siku hiyo kuku huparura ardhi akiutafuta, na mwewe huja kuchukua mtoto mmoja mmoja badala ya mali yake. Nilipoisikia utotoni nilimwonea kuku huruma. Siku hizi naona kwamba waliotunga hadithi ile walikuwa waangalifu kuliko sisi, kwani ndani yake mwewe ni mdai, wala si mwizi.

Mwewe halisi, yule anayestahili jina hilo, ni rahisi kumtambua. Mkia wake umekatwa panda, naye huupinda huku na huku anaporuka kama nahodha anayegeuza usukani. Wale wakaao kwetu mwaka mzima, au sehemu kubwa ya mwaka, wana mdomo wa manjano. Wengine wenye mdomo mweusi huja kutoka Ulaya na Asia kukimbia baridi ya huko, wakarudi kwao kabla ya masika kwisha. Huyu ndiye anayempokonya mtoto wa shule kipande cha nyama mkononi, ndiye anayezunguka juu ya machinjio na majaa ya taka. Lakini miji yetu ina ndege wengine wawindaji wasiopungua watano au sita ambao si mwewe, na kila mmoja ana chakula chake, mwendo wake na makazi yake. Ni juu ya wawili kati yao ninataka kuzungumza, kwa sababu uhai wa mmoja wao ulining'inia kwenye jina.

Katika kitongoji chetu, kilicho upande wa kuelekea Ngong, nyumba bado zina vijishamba nyuma yake, na jirani yangu mmoja hufuga kuku wa kienyeji. Hao kuku si mapambo. Ndio waliomsaidia kulipa karo ya mjukuu wake. Mwaka juzi, katika muda wa majuma mawili, alipoteza vifaranga saba. Asubuhi moja aliniita ugoni, akaelekeza kidole kwenye mlingoti wa stima ulio kwenye kona ya barabara.

"Mwalimu, unamwona adui yangu?"

Nilimwona. Ndege mkubwa, mweusi mgongoni, mweupe kifuani, amekaa wazi kabisa juu ya mlingoti kama askari wa zamu. Alikuwa akikaa hapo karibu kila siku, na jirani yangu aliniambia kwamba siku zote mbili ambazo kifaranga kilipotea akiwa nje, alipoinua macho alimkuta yule ndege pale pale. Alikuwa amekwisha kununua dawa ya wadudu katika duka la dawa za kilimo. Nia yake ilikuwa kuichanganya na kipande cha mapafu ya ng'ombe na kukiweka juu ya paa la banda.

Nilimuuliza kama ana hakika ndiye.

"Akishakufa, Mwalimu, tutamwangalia vizuri," akasema.

Nilimwomba wiki moja. Wiki moja ni muda mrefu kwa mtu anayepoteza vifaranga. Alinipa siku tano.

Lile neno lake halikunitoka. Akishakufa tutamwangalia vizuri. Kwa zaidi ya miaka mia, hiyo ndiyo iliyokuwa njia ya wasomi wengi wa ndege duniani, na karibu kila ndege mwindaji wa Afrika alipata jina lake la kitaalamu akiwa amelala chali mezani.

Chukua mfano wa François Levaillant, Mfaransa aliyezaliwa Surinam, aliyesafiri sehemu za Rasi ya Afrika Kusini kati ya mwaka 1781 na 1784 akiwa na bunduki, magari ya ng'ombe na watumishi wa Kikhoi. Aliporudi Ulaya alitoa kitabu kikubwa juu ya ndege wa Afrika, juzuu sita, kuanzia mwaka 1796. Alikuwa mtu wa ajabu huyu. Hakuupenda mtindo wa Linnaeus wa kumpa kila kiumbe majina mawili ya Kilatini, akawapa ndege wake majina ya Kifaransa aliyoyabuni mwenyewe. Kekeo mmoja alimwita Klaas, jina la mtumishi wake wa Kikhoi. Na mpaka leo ndege huyo anaitwa hivyo katika vitabu, heshima ambayo watumishi wengi wa wasafiri wa Kizungu hawakuipata. Mwewe wetu wa mdomo wa manjano alimwita kupe, yaani anayeishi kwa jasho la wengine, kwa sababu alikuwa akija kambini kuiba nyama. Basi jina la mwizi hatukulianza sisi peke yetu.

Majina ya Kilatini ilibidi yatolewe na mtu mwingine. François Marie Daudin, aliyekuwa Paris, alikuwa amepooza miguu tangu utotoni. Hakukanyaga Afrika. Mwaka 1800 aliyachukua maelezo na picha za Levaillant akawapa ndege hao majina rasmi, akiwemo mwewe wetu, na akafariki mwaka 1803. Nafikiri sana juu ya mtu huyu asiyeweza kutembea, akimbatiza ndege asiyetulia hata dakika moja. Kwa bahati mbaya vitabu vya Levaillant havikuwa vya kuaminika kote. Mwaka 1857 msomi wa Sweden, Sundevall, aliwachunguza ndege wake mmoja mmoja akaonesha kwamba baadhi yao hawakuwa wa Afrika kabisa, na wengine walikuwa wameungwa kwa vipande vya ndege tofauti, kichwa cha huyu na mkia wa yule. Hata maiti basi inaweza kusema uongo.

Na isiposema uongo, inanyamaza juu ya mengi. Ngozi ya ndege iliyohifadhiwa hujazwa pamba, na macho hutolewa. Rangi ya jicho hupotea siku ile ile, rangi ya miguu na ya ngozi ya mdomo hufifia baada ya muda mfupi. Mabawa hukunjwa yakafungwa kwa uzi, hivyo mwendo wake angani hauonekani. Sauti haipo. Jinsi anavyokaa, mahali anapopenda kukaa, saa anazowinda, hayo yote hubaki porini. Msomi wa Ulaya aliyekuwa na ngozi hamsini kabatini angeweza kukupimia urefu wa ukucha wa ndege, lakini angempita ndege huyo huyo juu ya mti bila kumjua.

Washtakiwa wangu wawili waliingia vitabuni kwa njia hiyo hiyo. Wa kwanza alipewa jina mwaka 1830 na Andrew Smith, daktari wa jeshi la Waingereza kule Rasi, aliyemwita kwa Kigiriki "mweusi-mweupe". Wa pili alielezwa mwaka 1836 na Eduard Rüppell wa Frankfurt, baada ya safari yake ya Uhabeshi, naye alimpa jina la augur. Hilo ni jina la makuhani wa Roma ya kale waliotazama mwendo wa ndege ili kujua kama shughuli ya dola iendelee au isimame. Mswahili hahitaji kufafanuliwa jambo hilo. Katika lugha yetu neno ndege lina maana mbili tangu zamani: kiumbe mwenye mabawa, na ishara ya jambo lijalo. Tukisema "ndege mzuri" tunamsifu kiumbe. Tukisema "ndege njema" tunamtakia msafiri heri. Sarufi yenyewe imeweka mpaka, huyu kampeleka kwa walio hai, ile kaiacha miongoni mwa vitu. Jirani yangu, alipomwona ndege yule juu ya mlingoti kila kifaranga kilipopotea, alikuwa akisoma ishara kama kuhani wa Kirumi.

Hapa kwetu kazi ya kukusanya ngozi iliendelea mpaka karne ya ishirini. Frederick Jackson, aliyefika pwani mwaka 1884 kuwinda na baadaye akawa Gavana wa Uganda, alikusanya ndege kwa miaka mingi. Alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha elimu ya viumbe kilichoundwa mwaka 1909, chama ambacho makumbusho yake madogo ndiyo chimbuko la Makumbusho ya Taifa ya Nairobi. Kitabu chake cha juzuu tatu juu ya ndege wa Kenya na Uganda kilitoka mwaka 1938, miaka tisa baada ya kifo chake, kikiwa kimekamilishwa na mtu mwingine. Ni kitabu cha thamani, ila si cha kubeba mfukoni, na mtu wa kawaida asingekinunua ili amjue ndege wa uani kwake.

Mageuzi yalitoka Marekani. Mwaka 1934 kijana wa miaka 25, Roger Tory Peterson, alitoa kitabu kidogo chenye wazo jepesi: chora ndege wanaofanana upande kwa upande, kisha weka mshale mdogo penye alama inayomtenga mmoja na mwenzake. Mkia wa mraba au wa duara. Mstari juu ya jicho upo au haupo. Nakala 2,000 za kwanza zilikwisha katika muda wa wiki moja hivi. Wako waliokuwa wakitambua ndege kwa macho kabla yake, tena kwa ustadi mkubwa, lakini Peterson ndiye aliyeuweka ujuzi huo mikononi mwa watu wote. Sasa karani, mwanafunzi au mama wa nyumbani aliweza kumtambua ndege kwa urahisi akiwa mbali, mzima, na kumwacha aende zake.

Mtindo huo ulifika kwetu mwaka 1963, John Williams, aliyekuwa mtunza ndege wa makumbusho ya Nairobi, alipotoa kitabu chake cha mfukoni juu ya ndege wa Afrika Mashariki na ya Kati. Vikafuata vingine vilivyo bora zaidi, kimoja mwaka 1996 na kingine mwaka 2002. Tangu miaka ya 1970 Bi. Fleur Ng'weno aliongoza matembezi ya Jumatano asubuhi kutoka makumbusho, na Wakenya wengi vijana walijifunza hapo kushika darubini. Dosari ninayoiona ni moja: vitabu hivyo vyote vitatu ni vya Kiingereza. Jirani yangu, mwenye haja kubwa kuliko mtalii yeyote, hana chake.

Basi nilichukua kile cha mwaka 2002 na darubini yangu, nikakaa kibarazani asubuhi nne.

Nianze na yale yanayowafananisha. Wote wawili, katika umbo lao la kawaida, ni weusi mgongoni na weupe chini. Kimo chao hakipishani sana. Wote hupatikana katika vitongoji vya Nairobi. Mtu akiwaona kwa nusu dakika, kwa hofu ya vifaranga wake, hawezi kulaumiwa akiwaita kitu kimoja.

Lakini ndege wa mlingotini aliponigeuzia mgongo jua likampiga, mkia wake ulikuwa mwekundu kama matofali ya kuchoma. Mkia mfupi, hata mbawa zilizokunjwa zilikaribia kuufunika. Aliporuka, mabawa yalikuwa mapana sana na meupe chini, yakiwa na ukingo mweusi, na aliyapandisha juu kidogo kama mtu anayefungua kitabu. Kunguru wenye kifua cheupe walimfuata wakimzomea, naye hakujali. Huyo ni ndege wa Rüppell. Chakula chake hasa ni fuko, panya, mijusi na nyoka. Simsafishi kupita kiasi: akimkuta kifaranga peke yake mahali pa wazi anaweza kumchukua. Lakini hukaa juu ya mlingoti kwa sababu anatazama nyasi za ukingo wa barabara, ambako panya wanapita.

Chini ya mlingoti niliokota mabonge manne ya matapishi. Ndege hawa hutapika kile wasichoweza kusaga, kikiwa kimeshikamana kama kipande cha mpira. Niliyaloweka katika bakuli na kuyafungua kwa sindano mbele ya jirani yangu, ambaye alisimama akikunja uso. Manyoya ya wanyama, ya kijivu na ya hudhurungi. Taya mbili za panya, na meno marefu ya njano ya fuko. Unyoya wa kuku haukuwamo hata mmoja.

"Basi wangu anaenda wapi?" akauliza.

Siku ya nne tulipata jibu. Nyuma ya nyumba zetu palikuwa na mikaratusi mirefu, iliyopandwa zamani na mtu asiyejulikana tena. Chini ya mmoja wao ardhi ilikuwa imetapakaa manyoya: ya njiwa kwa wingi, na katikati yake manyoya laini ya kifaranga, ya manjano-kahawia, pamoja na mguu mmoja. Manyoya yalikuwa yamenyonyolewa moja moja, kama mpishi anavyomwandaa kuku. Juu kabisa, kwenye panda la matawi, palikuwa na kiota cha vijiti chenye ukubwa wa karai. Tulingoja karibu saa nzima. Kisha kitu cheusi kikapita kati ya mashina, chini chini, kwa kasi, kikapanda ghafla na kutua. Mabawa mafupi ya duara, mkia mrefu wa kijivu wenye mistari, ubavu mweusi, na katika darubini, jicho jekundu kama kaa la moto. Ndege wa Andrew Smith. Huyu hakai mlingotini. Hujificha ndani ya majani, akatokea, akanyakua, akapotea kabla mama kuku hajamaliza kupiga kelele. Unapoinua macho kutazama, unamwona yule mwingine tu, aliyekaa wazi siku nzima.

Nilimpa jirani yangu darubini. Alimtazama muda mrefu bila kusema neno. "Macho yake," akasema hatimaye, "yamejaa ubaya." Sikubishana naye. Alikuwa na haki ya kumchukia. Mimi sina kuku.

Sasa lilibaki swali la dawa, na ni hapo ambapo kumtambua ndege kulikuwa na maana zaidi ya kutaja jina. Ndege wa mikaratusi huwinda vilivyo hai. Mapafu ya ng'ombe juu ya paa asingeyagusa. Yangeliwa na mwewe wa mkia wa panda, na kunguru, na pengine paka na mbwa wa majirani, na ndege wa mlingotini angekufa kwa kumla panya aliyeonja. Mwizi mwenyewe angeendelea kula vifaranga akiwa mzima. Nilimweleza hivyo, naye, kwa kuwa ni mtu wa hesabu, akaelewa upesi. Kilichomsaidia ni wavu. Kwa bei isiyozidi sana ile ya kuku wakubwa wawili alizungushia banda la vifaranga wavu wa waya, akaufunika na juu, akawafungia humo mpaka wafikie ukubwa wa njiwa mnene. Hasara ikapungua mpaka karibu kwisha. Dawa alinikabidhi mimi.

Ningependa kusema kwamba ndege wa mlingotini ni wengi na mmoja asingekuwa hasara. Zamani ilikuwa hivyo. Aliyesafiri nyanda za juu za Kenya miaka ya 1970 alimwona karibu kila baada ya milingoti kadhaa. Mwaka 2022 watafiti walilinganisha hesabu zilizofanywa barabarani miaka hiyo ya 1970 na zile zilizofanywa tangu mwaka 2003. Ndege huyu alikuwa amepungua kwa takriban asilimia 90. Sumu imo katika orodha ya sababu, pamoja na nyaya za umeme na kupotea kwa mashamba ya majani. Na hao ndio waliohesabiwa na watu wanaojua majina. Waliokufa wakiitwa mwewe hawakuhesabiwa na mtu.

Jirani yangu hakuyapenda majina ya vitabuni nilipomsomea. Wasomi wenyewe hawajatulia nayo: mwaka 2024 ndege wa Andrew Smith alihamishwa tena kutoka ukoo mmoja kwenda mwingine, baada ya uchunguzi wa nasaba zao. Yeye alitengeneza majina yake mwenyewe, na watoto wa mtaa wameyachukua. Mmoja ni wa mlingotini, mwingine wa mkaratusini, na mwewe amebaki kuwa wa mkia wa panda.

Mikaratusi ilikatwa mwezi wa Machi mwaka uliofuata, kiwanja kikajengwa nyumba za ghorofa. Wa mkaratusini hatujawaona tena. Wa mlingotini bado yupo. Jana asubuhi alikuwa na fuko miguuni, na kunguru wawili wakimpigia kelele.